Rumangabo na kosa linalorudiwa

Kambi ya kijeshi ya Rumangabo iko kaskazini ya Goma, katika Kivu, mashariki ya Kongo, kwenye barabara iendayo Rutshuru, jirani na makao makuu ya Hifadhi ya Virunga. Waasi waliiteka mwaka 2008, wakaiteka tena 2012, wakaiteka tena 2022. Mara ya kwanza waliitwa CNDP, chini ya Laurent Nkunda. Mara mbili zilizofuata waliitwa M23, wakiongozwa na Sultani Makenga, afisa wa zamani wa Nkunda.

Mkono wa Rwanda katika vita hivi umetajwa mara nyingi na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na Kigali imekanusha. Hatuupuuzi. Lakini Kinshasa nayo ililea tatizo hili kwa sahihi zake yenyewe.

Baada ya vita vya 1998 hadi 2003, makundi ya wapiganaji yalitakiwa yavunjwe, watu wachanganywe na kupangiwa kazi mbali na makwao. Nkunda alikataa. Mwaka 2007 serikali ikamkubalia wapiganaji wake wachanganywe na wanajeshi hukohuko Kivu. Mwaka haujaisha, mapigano yakarudi. Ukaja mkataba wa Machi 23, 2009: CNDP wakavalishwa sare za taifa, wakabaki palepale, wakiwatii makamanda walewale. Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), akawa jenerali. Baadaye mahakama hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka 30 kwa uhalifu wa Ituri, lakini wakati ule alikuwa na nguvu kubwa Kivu. Mwaka 2012 wakaasi, wakajiita kwa tarehe ya mkataba uleule.

Mwaka 2013 jeshi la Kongo, likisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, liliwafurusha. Watanzania walikufa katika kazi hiyo. Mwishoni mwa 2021 M23 wakaibuka tena, na mwanzoni mwa 2025 wakaingia Goma na Bukavu.

Sasa kuna mazungumzo ya Doha kati ya Kinshasa na M23, na siku moja litaulizwa swali lilelile: wapiganaji hawa waende wapi? Msimamo wetu ni kwamba pasiingizwe jeshini hata kikosi kimoja kikiwa kizima. Kila mpiganaji achunguzwe peke yake, apangiwe mbali na Kivu, na mwenye tuhuma za mauaji au ubakaji apelekwe mahakamani, cheo chake kiwe chochote. Kipimo hichohicho kiwaguse Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, ambao Kinshasa imewafungulia mlango wa jeshi la akiba tangu 2023. Nao wana makamanda wao na vizuizi vyao vya kutoza watu barabarani.

Nchi za ukanda huu zimezika askari wao kwa ajili ya Kivu. Zidai sharti hili liandikwe kabla ya sahihi ya mwisho.