Enyi Mnaofungua Tovuti za Watoto na Kuzitelekeza

Juzi mjukuu wangu wa darasa la sita alinijia barazani na simu ya mama yake mkononi, uso umemsawijika. "Babu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi ngapi?" Nikahesabu kwa vidole: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo ya Kinshasa, Somalia. Nane. "Sasa mbona nimeandika nane wamenikosesha?" Akanigeuzia kioo cha simu. Alama nyekundu ya mkasi, na kikatuni cha sungura kinatikisa kichwa: "Umekosa! Jibu ni 5."

Tano! Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Tovuti yenyewe ni ya chemshabongo na michezo ya kujifunzia, imejipamba kwa bendera na twiga, nayo tangu swali lile liandikwe hakuna aliyerudi kulitazama. Anayejua anaadhibiwa kwa kujua kwake. Asiyejua anapigiwa vigelegele na kupewa nyota tatu. Nikamwambia mtoto asijali, haki ni yake. Jioni nikamkuta ameandika 5, nyota zake tatu zinameremeta. "Vipi tena?" "Babu, si ndivyo wanavyotaka?" Usiku ule usingizi ulinipaa.

Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba mtoto hujifunza kwa mchezo. Aliyelelewa na bibi analijua hilo. Hesabu za kwanza nilizozielewa mimi hazikutoka ubaoni, zilitoka kwenye bao: mashimo 32, kete 64, na wazee wa Tanga wamekuzunguka kimya wakingoja uharibu. Mwalimu Nyerere, Mungu amrehemu, alikuwa mpenzi wa bao, na sijasikia aliyemwambia kwamba anapoteza muda. Na nani kati yetu hakutegewa fumbo la yule mtu mwenye chui, mbuzi na majani, ambaye mtumbwi wake unabeba kimoja tu kwa safari? Wazungu wanalo hilohilo kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Liliandikwa kwa Kilatini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Basi fumbo likihama kutoka barazani likaingia kwenye simu, mimi sina ugomvi nalo.

Tena vijana wetu wanaotengeneza michezo hii wana vichwa, na nasema hivyo bila kuwapaka mafuta. Namjua mmoja, meza hana, programu anaziandika amekaa juu ya godoro kwa bando la siku, akatoa mchezo wa kuzidisha ambao watoto wa darasa la tatu waliugombania hadi kengele ya kwenda nyumbani ikapigwa hawakusikia. Mimi niliyefundisha miaka zaidi ya 30 sikuwahi kuona mtoto akigombania jedwali la saba.

Kinachoniudhi ni ile desturi yetu ya kupenda kufungua na kuchukia kutunza. Siku ya uzinduzi kuna fulana, kuna mgeni rasmi, kuna soda na sambusa, kuna utepe unaokatwa. Utepe wa tovuti, jamani, sijui huwa unafungwa wapi! Miezi sita baadaye ulizia nani anaisimamia: huyu kapata kazi Dodoma, yule kaoa, wa tatu halikumbuki neno la siri. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na wahenga hawakusema kwamba mtoto wa kwenye kompyuta anajilea mwenyewe.

Tazameni michezo iliyoandikwa kwa Flash. Kampuni ya Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba mwisho wa 2020 itaizika programu hiyo. Ikafika 31 Desemba 2020 ikaacha kuihudumia, na tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kukataa kufungua michezo. Miaka mitatu na ushei ya kuandaa sanda! Pamoja na hayo, hadi leo kuna kurasa ambazo mahali palipokuwa na mchezo wa ramani pamebaki kisanduku cha kijivu kinachomwambia mtoto aweke Flash. Wapo watu wa hisani waliotengeneza Ruffle, programu ya bure inayofufua mingi ya michezo hiyo ndani ya kivinjari. Dawa ipo, tena haiuzwi, ila mgonjwa hana wa kumpeleka hospitali. Na hata pale ramani inapofunguka, mtoto wa Songwe hauoni mkoa wake uliozaliwa 2016, na Eswatini bado inaitwa Swaziland. Wa Kenya naye anauziwa mazoezi ya mtihani wa KCPE, ambao mara ya mwisho ulifanywa 2023.

Hayo ni madogo. Jina la tovuti ni kama fremu ya duka: hulinunui likawa lako milele, unalilipia kodi, na kwa kawaida ni kila mwaka. Kuna tovuti moja, mimi mwenyewe niliipendekeza kwa walimu wenzangu, nikaisifu mno. Kodi ikapita, kila mmoja akidhani mwenzake amelipa. Jina likaachwa wazi, likaokotwa na watu wa kamari. Mwalimu mmoja wa kike akalifungua mbele ya darasa la nne, projekta inawaka ukutani. Badala ya jedwali la kuzidisha yakatokea magurudumu ya bahati na sarafu za dhahabu zinamwagika kama mvua. Watoto wakapiga makofi, wakadhani ni mchezo mpya. Binti wa watu akaichomoa waya kwa mkono unaotetemeka. Alinisimulia mwenyewe, na sikuwa na la kumjibu. Sisi tunaomcha Mungu, tunaofunga na kusali, tukawafungulia watoto wa watu mlango wa kamari kwa sababu ya tarehe moja ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna na uvivu mwingine, wa kunakili wazimawazima. Katika mchezo wa kuunda maneno wa Kiingereza, ule wa Scrabble, K ina pointi 5 na Z ina 10, kwa kuwa kwao herufi hizo ni adimu. Mtu kauchukua, kabadilisha maneno ya juu kuwa ya Kiswahili, pointi kaziacha vilevile. Matokeo yake mtoto akiandika "kuza" anajizolea 17, akiandika "kizaazaa" anapata 30, na Q yenye 10 inamkalia mkononi kama ankara, hana pa kuipeleka. Lugha yetu kila neno linataka irabu mwishoni, K imejaa kila mahali kuanzia kitabu hadi kikombe, na mwenye mchezo hata hakuketi nusu saa kuhesabu. Mgeni akija mwambie ni mchezo wa Kiswahili, atacheka kizunguzungu.

Waliodumu katika kazi hii walidumu kwa kurudi. Arthur Wynne alichapa fumbo lake la maneno katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, Jumapili. Lile la kwanza lilikuwa na dosari, neno moja lilitokea mara mbili. Halikuishi kwa sababu ya uzuri wake, liliishi kwa sababu Jumapili iliyofuata lilikuja jingine, na nyingine jingine. Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong mzaliwa wa New Zealand, aliiona sudoku katika duka la vitabu Tokyo mwaka 1997, akakaa takribani miaka sita akiandika programu ya kuzitunga kabla gazeti la The Times la London halijaanza kuzichapa Novemba 2004. Miaka sita, wala hakukata utepe. Lakini wangu mimi ni Martin Gardner wa Marekani, aliyeandika michezo ya hisabati katika jarida la Scientific American kwa karibu miaka 25, naye hana shahada ya hisabati. Wasomaji walimwandikia kumkosoa. Hakununa, alipozikusanya makala zake vitabuni aliongeza masahihisho yao na kuwataja waliomsahihisha. Huyo ndiye mwalimu.

Nanyi mtauliza, wewe mzee unayechachamaa, wewe umefanya nini? Swali la haki, nami nitajianika. Kuna tovuti ndogo ya mafumbo ya watoto wa shule ambayo nasaidia kuitunza. Mwaka juzi nilitunga sudoku kwa mkono: nikajaza miraba 81, nikaanza kufuta tarakimu moja moja kwa kukisia, zikabaki 24, nikaiweka, nikaona fahari. Sasa, sudoku ya haki lazima iwe na jibu moja tu. Wataalamu wa Dublin walionyesha mwaka 2012, kwa kompyuta zilizosaga mahesabu kwa muda mrefu, kwamba tarakimu za kuanzia zikipungua 17 jibu moja haliwezekani kabisa. Mimi na 24 zangu nikajiona nimevuka salama. Akaniandikia msichana mmoja wa darasa la sita, kaambatisha picha ya ukurasa wa daftari la hesabu, miraba kaichora kwa rula na penseli, mara mbili, ubavu kwa ubavu. "Shikamoo mwalimu. Safu ya pili na ya tatu, 4 na 7 zinaweza kubadilishana mahali na zote zinakubali. Lipi ndilo jibu?" Nikakagua. Kweli, majibu mawili. Na tovuti yangu ilikuwa imemkosesha. Barua ile, ndugu zangu, ilikuwa imekaa siku 19 kabla sijaifungua, maana nilikuwa nimezama kutunga mafumbo mapya ya kujisifia. Nyani haoni kundule.

Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo, nikinyamaza nitapasuka. Nani aliyebuni kitufe cha "Onyesha jibu"? Zamani ukishindwa kitendawili hukupewa jibu bure. Mtegaji alidai: "Nipe mji." Ukimpa Pangani, anaukataa, ukimpa Korogwe, anabetua mdomo, unampa Mombasa yote na bandari yake, ndipo anakwenda huko kwa maneno, anakula pilau lako, anavaa kanzu zako, watu wanakucheka, halafu ndiyo anakuambia kwa madaha kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai. Jibu ulilolilipia mji hulisahau? Leo mtoto anabofya, jibu linaporomoka kama embe bovu, kesho hanalo. Na wazazi, msinifanye niseme! Baba mzima anamnyang'anya mtoto simu, anabofya majibu yote kumi, apate cheti chenye nyota cha kurusha kwenye kundi la ukoo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeinama kwa niaba yake, mgongo wake utajifunza lini? Najua mnawapenda. Hakuna watu wanaojinyima kwa ajili ya elimu ya watoto kama wazazi wa nchi hizi, nimewaona wakiuza mbuzi wa mwisho. Ndiyo maana inauma. Kwetu tumekiweka kitufe hicho kisitokee hadi mtoto akosee mara tatu, na malalamiko mengi tuliyopata yalitoka kwa watu wazima.

Turudi. Ninachowaomba enyi vijana wenye vichwa, na ninyi wafadhili mnaopenda picha za uzinduzi, ni kitu kidogo sana. Fedha ya fulana lipieni jina miaka mitano. Neno la siri walijue watu watatu, mmoja wao awe mtu asiyehamahama. Chini ya kila swali linalohesabu nchi, mikoa au sayari iandikwe tarehe lilipokaguliwa mara ya mwisho. Barua za watoto zifunguliwe kabla ya fumbo jipya kutungwa. Kama nguvu zenu ni za mafumbo 20, wekeni 20 yaliyo hai, msituwekee 600 yaliyooza. Na mkichoka, kuchoka si dhambi, fungeni mlango kwa heshima na kuandika "tumefunga". Mtoto atakwenda kwingine. Alichokiacha mzazi mikononi mwenu ni amana, na mwenye kuiacha amana juani tunajua ataulizwa na nani.

Yule msichana wa 4 na 7 sasa yuko kidato cha kwanza. Sudoku zetu hazipandi mtandaoni kabla hajazipitia. Wiki iliyopita alinirudishia mbili, moja na maneno "mwalimu, hii umeitunga ukiwa na njaa". Pamoja nazo akanitegea fumbo lake mwenyewe la namba, mistari minne tu. Nimekaa nalo siku tatu, nimeharibu karatasi hadi mke wangu ameficha daftari la mboga. Jana nikamwandikia kwamba nimeshindwa. Akajibu papo hapo: nipe mji. Nikampa Tanga nzima, na Mapango ya Amboni juu yake. Ameikataa. Anataka Zanzibar.