Kle ya USB Inayokataliwa na Dekoda

Unataka kuweka programu mpya mu dekoda, tuseme OpenATV, lakini kle ya USB haionekani. Usiitupe, bei yake unaijua! Mara nyingi kle iko nzima, ni mpango wake wa ndani njo hausomeki. Wakati ule wa kuweka programu, Linux ya dekoda haijaamka bado. Kiprogramu kidogo cha kuwashia njo kinafanya kazi, nacho mara nyingi kinajua FAT32 tu. Kle kubwa, kama ya GB 64, mara nyingi zinauzwa na exFAT, na Windows nyingi zinakataa kutoa FAT32 juu ya kle yenye kupita GB 32. Basi tafuta kle ndogo ya GB 8, inatosha kabisa.

Kama ni kurekodi filamu, FAT32 haifai, kwa sababu faili moja haifiki GB 4. Fomati kle mu dekoda yenyewe, kwa ext4, lakini ujue Windows haitaisoma ile kle.

Na ninyi vijana, kufomati kunafuta yote. Picha za ndoa ya dada, nyimbo za kwaya, mzihamishe kwanza mu ordinatere.