Timu Ikishindwa, Viongozi Nao Waulizwe

Kwa muda mrefu sasa wapenzi wa kandanda wa Mbarara, kuanzia Ruti mpaka uwanja wa Kakyeka, na hata katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wamekuwa wakitoa malalamiko ya namna moja. Kufungwa kwa timu wanakuvumilia, maana wanajua mpira una kufunga na kufungwa. Kinachowauma ni kwamba kila timu ifungwapo, anayefukuzwa ni kocha, anayezomewa ni mchezaji, na yule aliyekalia kiti cha uongozi huendelea kukikalia kana kwamba mabao yale yalifungwa katika nchi nyingine.

Katika watu hao wanaolalamika wamo askari wengi wa jeshi na wa polisi. Askari avaapo magwanda hayavui mapenzi yake ya mpira. Lakini askari ana mahali pake pa pekee katika jambo hili, kwa kuwa leo ni mshabiki aliyelipa kiingilio, na kesho ndiye atakayesimamishwa langoni azuie mashabiki wenzake wasiwafikie viongozi wale wale wanaomkasirisha. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuseme naye waziwazi.

Mwaka 2022 ulikuwa mchungu kwa pande zote mbili. Klabu ya Mbarara City, iliyopanda daraja mwaka 2017 na kuuletea mji huu michezo ya ligi kuu, iliteremka. Katika msimu huo huo iliteremka pia klabu ya Polisi. Mbarara City ilirudi mwaka 2023 na Polisi mwaka 2024, na sifa ni za wachezaji na walimu waliojitahidi. Lakini kupanda tena hakufuti swali la kwa nini timu iliteremka. Jeshi lililopoteza kituo likakirudisha baadaye bado hudaiwa maelezo ya namna kituo kile kilivyopotea, ili kisipotee mara ya pili.

Viongozi wengi wa timu wakiulizwa hujibu kwa methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ni ya kweli, nasi tunaiheshimu. Ila yafaa ieleweke inamhusu nani. Inamfundisha mchezaji ampe mkono aliyemshinda, na inamfundisha mshabiki asimpige mshabiki wa upande wa pili. Haikutungwa ili kumpa kiongozi kinga ya kuulizwa juu ya posho zisizolipwa, mazoezi yasiyofanyika, na makocha wanaobadilishwa kabla hawajajua majina ya wachezaji wao. Kushindwa kwa siku moja ni mchezo. Kushindwa kwa misimu mingi mfululizo kuna chanzo chake, na wahenga hao hao walikwisha kusema kwamba samaki huanza kuoza kichwani.

Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba vipaji havikukosekana. Mwaka 1972 Simba, timu ya jeshi la Uganda, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Afrika ikashindwa na Hafia ya Conakry. Mwaka 1978 timu ya taifa, Cranes, chini ya nahodha Jimmy Kirunda, ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikafungwa na Ghana mabao 2 kwa 0. Klabu ya Polisi ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la Kagame, linaloshindaniwa na klabu za Afrika ya Mashariki na Kati.

Baada ya Accra, Waganda walingoja mpaka mwaka 2017 ndipo Cranes ikashiriki tena Kombe la Mataifa. Ni miaka 39. Mtoto aliyezaliwa siku ya fainali ile alikwisha kuwa mzazi, na kama aliingia jeshini akiwa kijana, alikwisha kukitumikia kikosi chake karibu miaka 20, kabla hajaiona bendera yake katika mashindano hayo. Mara kadhaa mlango ulifungwa timu ikiwa imefika kizingitini: Oktoba 2011 ilitoka suluhu na Kenya kule Namboole, na Oktoba 2012 ilitolewa na Zambia kwa mikwaju ya penalti. Katika kipindi hicho wachezaji walikuja na kuondoka, na makocha vilevile. Hata msimu wa 2012/13 wakubwa wa mpira waligombana juu ya nani mwenye ligi, hadi zikachezwa ligi mbili katika nchi moja. Mshabiki aliyelipa nauli yake kutoka Ruti mpaka Kampala hakuulizwa chochote katika ugomvi ule; alipata hasara tu.

Askari analielewa jambo hili kuliko mtu mwingine, kwa kuwa katika kazi yake uongozi una maana iliyo wazi. Kikosi kikishindwa, uchunguzi hauanzii kwa kuruta aliyeshika bunduki. Huulizwa nani alitoa amri, nani alikuwa na wajibu wa kuleta risasi na chakula, na taarifa ilifika lini. Ofisa asiyejua idadi ya askari wake wala akiba ya ghala lake hawezi kujitetea kwa kusema kwamba vita ni bahati. Iweje basi mwenyekiti wa timu asiyejua mapato ya mlangoni ya mchezo wa Jumamosi iliyopita ajitetee kwa kusema kwamba mpira unadunda?

Tunajua kwamba timu hazifanani. Ziko timu za wanachama, zenye katiba na mkutano mkuu. Ziko za mtu mmoja aliyetoa fedha zake mwenyewe, na huyo anastahili shukrani, maana wengi wenye fedha hawazitoi. Na ziko timu za idara, kama hizi za jeshi na polisi, ambazo viongozi wake huteuliwa kwa amri kutoka juu. Kila moja ina njia yake ya kuulizana.

Katika timu ya wanachama, njia ni mkutano na kura. Mfano uko karibu. Klabu ya Villa, iliyowahi kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika mwaka 1991, ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 2004, kisha ikakaa miaka 20 bila kuupata tena. Kulikuwa na manung'uniko mengi juu ya nani mwenye haki ya kuiongoza. Mwaka 2021 klabu ilifanya uchaguzi wa rais wake, na mwaka 2024 ubingwa ukarudi. Hatusemi kwamba kura ndizo zilizofunga mabao. Tunasema kwamba mashabiki walijua wamwendee nani na swali lao, na hilo peke yake ni nusu ya dawa.

Katika timu ya mwenye mali, mshabiki hana kura, lakini ana kiingilio chake na sauti yake. Mwenye timu hupata heshima mjini kwa jina la mji ule. Akilitumia jina la Mbarara, basi watu wa Mbarara wana haki ya kuambiwa timu yao inaelekea wapi.

Gumu zaidi ni jambo la timu za idara, na hapa tunawaomba wakubwa wa vyombo vya ulinzi watusikilize. Konstebo hawezi kumzomea kamanda wake akiwa jukwaani. Koplo anayeona kwamba timu ya kikosi inaharibika hathubutu kusema, kwa kuwa mwenye kuiharibu huenda ndiye atakayetia sahihi likizo yake. Nidhamu hiyo ni ya lazima katika kazi, wala hatutaki ilegezwe. Lakini isigeuzwe kuwa pazia la kuficha uzembe katika michezo. Tunashauri kwamba kila msimu uishapo, viongozi wa timu ya idara wasimame mbele ya askari katika kambi, waeleze fedha zilizopokelewa, zilizotumika, wachezaji waliosajiliwa na sababu za kushindwa, na askari aruhusiwe kuuliza bila kuhesabiwa kuwa ni mkaidi. Askari aliyezoea kutoa taarifa yake kila asubuhi hatashangaa kumwona mkubwa wake akitoa taarifa mara moja kwa mwaka.

Yako mambo mawili ambayo hayafai kabisa kutumika kama dawa ya uongozi mbovu. La kwanza ni amri ya nguvu kutoka serikalini. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin iliipiga marufuku klabu ya Express. Mashabiki wake hawakupotea. Walinyamaza tu, wakaingoja klabu yao, nayo ilirudi baada ya utawala ule kuanguka. Timu haitengenezwi kwa kufungiwa.

La pili ni ghasia uwanjani, na hili linamgusa askari moja kwa moja. Mshabiki anayerusha jiwe hamfikii kiongozi aliyemkusudia. Jiwe humpata mwuza karanga, au mtoto, au askari aliyesimama kwenye kamba. Kesho yake kiongozi huyo hugeuka kuwa mwenye kuonewa, naye hupata sababu ya kutojibu lolote. Anayerusha mawe anampa kiongozi mbaya zawadi.

Lakini askari naye ajue kwamba mkono wake waweza kuua watu wengi kuliko mawe yote ya mashabiki. Mjini Lima, Mei 1964, Peru ilipokuwa ikicheza na Argentina, mashabiki walikasirishwa na bao lililokataliwa. Polisi walipiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango iliyokuwa imefungwa, wakafa watu 328. Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak iliifunga Asante Kotoko mabao 2 kwa 1. Mashabiki wa timu iliyoshindwa wakaanza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, na watu 126 wakafa wakikanyagana penye milango. Tume iliyochunguza ilisema kwamba polisi walitumia nguvu kupita kiasi. Na huko Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, Arema ilifungwa nyumbani na mahasimu wao Persebaya mabao 3 kwa 2. Mashabiki waliteremka uwanjani, polisi wakapiga mabomu ya machozi hata kuelekea majukwaani, wakafa watu 135. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya mchezo ule alifungwa jela, na baadhi ya maofisa wa polisi pia.

Katika mikasa yote mitatu chanzo kilikuwa hasira ya mpira, na silaha iliyoleta maafa ilikuwa moja: moshi katika mahali palipozungukwa na kuta, na milango isiyofunguka. Kanuni za usalama za Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, zinakataza bunduki na mabomu ya machozi ndani ya uwanja. Kila afande atakayepangiwa kazi Kakyeka au uwanja wowote aikumbuke kanuni hiyo kabla hajatoka kambini. Ahakikishe kwanza kwamba milango inafunguka, na ajue aliye na funguo anasimama wapi. Akiona watu wamekasirika, aseme nao, maana katika nchi yetu askari wengi na wananchi wengi wana lugha moja ya Kiswahili, nayo imetuliza mengi kuliko rungu. Askari yuko pale kulinda maisha ya wote, ya anayezomea na ya anayezomewa. Hakuwekwa pale ili awe ngao ya kumkinga kiongozi asiulizwe.

Tunasema hayo tukikumbuka pia ndugu zetu wa Nakivale. Katika makazi yale, yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, wamo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na mpira ni miongoni mwa mambo machache yanayowakutanisha bila kuulizana walikotoka. Wengi wao walikimbia makwao kwa kuwaogopa watu wenye magwanda. Mtu wa namna hiyo akifika uwanjani na kumwona askari aliyetulia, anayemwonyesha njia kwa adabu, hujifunza jambo ambalo hotuba haziwezi kumfundisha. Naye askari anayekwenda kutazama mpira siku ya mapumziko aende kama raia: avae nguo za kiraia, aache silaha ghalani, alipe kiingilio kama wenzake. Ndipo atakapokuwa na haki ya kulalamika kama wenzake.

Kwa viongozi wa timu neno letu ni fupi. Hasira ya mashabiki ni dalili kwamba timu bado inapendwa. Siku majukwaa ya Kakyeka yatakapokuwa kimya baada ya kushindwa, ndipo wawe na hofu. Wasome hesabu zilizokaguliwa mbele ya watu. Wawalipe wachezaji kwa wakati waliopatana. Wampe kocha muda wa kufanya kazi, na wakimwondoa waseme sababu. Na kama wameijaribu kazi kwa misimu kadhaa wakaona imewashinda, wawaachie wengine, kama afisa mwungwana akabidhivyo kikosi kwa salamu na kwa maandishi, ghala likiwa limehesabiwa.

Nanyi askari, ulizeni, na ulizeni kwa utaratibu. Siku mkiwa zamuni, lindeni lango lililo wazi.