Nani Kasema Ni Feki?

Kuna neno moja linaonewa sana siku hizi, na wanaolionea zaidi ni sisi tunaojiita waandishi. Neno lenyewe ni "bandia". Saa bandia, vyeti bandia, hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza mtu anaposema ati dawa iliyotengenezwa India bila ruhusa ya kampuni fulani ya Ulaya nayo ni bandia. Nani kasema?

Kenya ilisema, tena kwa sheria. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na maelezo yake yakagusa kila kitu kilichotengenezwa bila idhini ya mwenye haki, iwe haki hiyo iko Kenya au kwingineko. Hebu rudia hilo "kwingineko". Yaani hataza ya ng'ambo, ambayo Kenya yenyewe haijaisajili, ingeweza kukwamisha shehena bandarini Mombasa. Na ndani ya shehena zimo dawa za kupunguza makali ya Ukimwi.

Watu watatu wanaoishi na virusi wakaenda Mahakama Kuu, Nairobi, mwaka 2009. Hawakutaka fidia, walitaka kuendelea kumeza vidonge vyao. Serikali ikajitetea kwamba sheria haikukusudia dawa hizo. Jaji Mumbi Ngugi hakuridhika. Tarehe 20 Aprili 2012 aliamua kwamba maelezo yale yangeweza kuzoa dawa halali pamoja na za uongo, na kwamba jambo zito namna hiyo haliwezi kuachiwa ofisa wa forodha alitafsiri apendavyo. Uhai, utu na afya vikatangulia hataza.

Wapo wanaosema hofu ile ilikuwa ya kupikwa. Ya kupikwa? Mwanzoni mwa 2009 forodha ya Uholanzi ilizuia shehena ya abacavir, dawa ya virusi hivyohivyo, ikiwa safarini kutoka India kwenda Nigeria. Haikuwa chaki wala unga wa muhogo, ilikuwa dawa iliyonunuliwa kwa fedha za UNITAID!

Najua kuna mshikaji atauliza: sawa, ila riwaya yangu ikipigwa fotokopi na kuuzwa barabarani, utanitetea? Nitakutetea, tena kwa kelele. Lakini asiyeipata riwaya yako mwaka huu atakuwa hai mwakani aisome. Mwaka 2000 dawa za virusi za mgonjwa mmoja zilifika kama dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuziuza kwa dola 350. Na Cipla haikujificha: iliandika jina lake juu ya boksi. Feki huiba jina la mwenzake, hapo ndipo uongo wake ulipo.

Kwa hiyo wewe wa gazeti, ukiletewa habari ya dawa zilizokamatwa, uliza kwanza kidonge kimedanganya nini. Kimedanganya kilichomo? Kimedanganya aliyekitengeneza? Au hakijadanganya lolote, ila kuna kampuni mahali inadai chake? Kama ni hilo la tatu, liandike hivyohivyo lilivyo, kwa urefu wake wote, hata mhariri akilia kwamba nafasi ya kichwa cha habari haitoshi.