Pampu Ndogo ya Maji Nyumbani: Isiwe Sababu ya Kumdhuru Jirani



 Leo tuzungumze kuhusu kifaa ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za Waislamu, nacho ni pampu ndogo ya umeme ya kuhamisha maji. Ni ile ambayo mtu huibeba kwa mkono mmoja, akaichomeka kwenye soketi, na baada ya muda mfupi maji yako juu kwenye tangi.

Hapa kwetu Buhare, Manispaa ya Musoma, pampu hizi zimewapunguzia watu taabu kubwa. Lakini nimeona pia zikitumiwa vibaya, na mmoja wa walioitumia vibaya ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo maoni yangu nayatoa mapema. Kumiliki pampu si israfu wala si anasa, ila pampu ina mahali pake, napo ni kati ya tangi lako la chini na tangi lako la juu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, unajidhuru wewe na watoto wako, na unamdhulumu jirani yako.

NEEMA YENYEWE

Tusiidharau neema. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Kujaza tangi la lita 1,000 kwa ndoo ni safari 50, yaani tani nzima inayopita juu ya kichwa cha mama, binti au mfanyakazi wa ndani. Mgongo na shingo vinaumia, na mama mjamzito anajichosha mno. Pampu ya nusu hosipawa inayotoa lita 25 kwa dakika inaimaliza kazi hiyo kwa dakika 40, na umeme inaotumia hauzidi uniti moja ya LUKU.

Faida nyingine ni usafi wenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa ni kiasi cha chini cha kujikimu, na linaona kuwa mtu hufikia hali ya kuridhisha ya usafi akipata kama lita 50. Nyumba ya watu sita ikiwa na maji ya kubebwa kichwani, kitu cha kwanza kubanwa ni kunawa mikono baada ya choo. Yakiwepo maji kwenye koki karibu na choo na jiko, mikono hunawiwa, vyombo husuuzwa vizuri na udhu huchukuliwa bila kunung'unika.

KINACHOTOKEA NDANI YA BOMBA

Tatizo huanza siku ambayo maji ya bomba yanatoka kama uzi. Mwenye pampu anaona njia ni rahisi: anaifunga kwenye bomba lililotoka kwenye mita yake, anawasha, na tangi linajaa. Hajui alichokifanya chini ya ardhi.

Bomba la mtaa linapokuwa na maji ya kutosha, yale maji yana msukumo wa kwenda nje. Kama kuna ufa au kiungo kilicholegea, maji yanavuja kwenda nje, na hasara yetu ni maji tu. Lakini pampu ikivuta kwa nguvu kuliko maji yanavyokuja, msukumo ndani ya bomba unashuka mpaka unakuwa mdogo kuliko wa nje. Hapo ule ufa unageuka kuwa mdomo. Mtazame mtoto anayekunywa soda kwa mrija uliotoboka, anavuta soda pamoja na hewa. Bomba nalo linafanya hivyo hivyo, ila lenyewe limelala kwenye udongo. Linavuta kilichopo pale, kiwe tope, maji ya mtaro au majimaji yaliyochuruzika kutoka kwenye shimo la choo.

Maji ya MUWASA yanatoka ziwani na yanatiwa dawa kabla ya kusambazwa. Dawa inayobaki ndani ya maji huwa kidogo, ya kuyalinda njiani tu. Haina uwezo wa kupambana na mtaro ulioingizwa na pampu yako. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita katika njia za namna hii. Tunakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa katika mikoa mingi ya nchi yetu. Maradhi hayo humwendea mwenye tangi la juu sawasawa na asiye na tangi, na uchafu uliovutwa na pampu moja unaweza kuishia kwenye koki ya nyumba nyingine kabisa.

HAKI YA JIRANI

Ndugu msomaji, nilisema kuwa mimi ni mmoja wa waliokosea. Nilikuwa nimefunga pampu kwenye bomba la mtaa. Jioni moja jirani yangu, mama mjane anayekaa mwisho wa njia ile ya bomba, alimtuma mwanawe na dumu kuniomba maji, kwa kuwa koki yao ilikuwa inatoa upepo mtupu. Nilimjazia dumu lake kutoka kwenye tangi langu, nikamwambia arudi na la pili. Usiku ule nililala nikijiona nimetoa sadaka. Siku chache baadaye fundi aliyekuja kutengeneza koki aliitazama pampu yangu ilipofungwa, akaniuliza kama majirani wanapata maji. Ndipo nikaelewa. Nilimpa yule mama maji yake mwenyewe, kisha nikapokea shukrani zake.

Jambo hili dini yetu haikuliacha bila mwongozo. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubayr bin al-Awwam (r.a.) na mtu mmoja katika Answari waliogombania maji ya mfereji huko Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa la kwanza kufikiwa na maji. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anyweshe shamba lake, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Zingatia kwamba aliyetangulia hakunyimwa haki yake. Alichotakiwa ni kuchukua na kuachia. Anayefunga pampu kwenye bomba la mtaa anachukua wala haachii. Na anaweza kusimama safu ya kwanza msikitini kwa udhu wa maji aliyoyavuta kutoka kwenye koki ya yatima. Kila mmoja aiulize nafsi yake.

NJIA ILIYO SALAMA

Kwanza, weka tangi la chini. Liwe la kununua au la kujenga, lakini liwe na mfuniko unaobana na liwe mbali na choo na chemba. Maji ya bomba yaingie humo kwa msukumo wake yenyewe, hata kama ni usiku, na boya liyafunge tangi linapojaa. Kisha pampu ivute kutoka humo kupeleka juu. Hapo unahamisha maji ambayo tayari ni yako. Asiye na uwezo wa tangi aanze na pipa safi lenye mfuniko.

Pili, pampu ya maji ya kunywa isifanye kazi nyingine. Kwa kuwa inabebeka, watu huiazima: leo inakausha shimo la msingi wa nyumba, kesho inatoa maji ya mafuriko uani, keshokutwa inajaza tangi la kupikia. Mpira wake nao umeburutwa kwenye tope. Pampu haichagui, hubeba chochote inachopewa. Ukiombwa pampu kwa kazi chafu, ni afadhali uonekane mchoyo siku hiyo. Na pale inapohitaji kujazwa maji ili ianze kuvuta, tumia maji safi, usichote kwenye beseni la kufulia.

Tatu, safisha tangi angalau mara mbili kwa mwaka. Likishasuguliwa na kujazwa, tia dawa ya klorini isiyo na manukato. Kwa tangi la lita 1,000, lita moja ya dawa yenye nguvu ya asilimia 5 inatosha. Iache siku nzima bila mtu kutumia maji hayo, yamwage, kisha suuza. Hata hivyo, maji ya kunywa endelea kuyachemsha au kuyatia dawa ya kusafishia maji kama pakiti inavyoelekeza, kwa sababu pampu kazi yake ni kuhamisha maji, si kuyasafisha.

Nne, wale wanaovuta maji kutoka Ziwa Victoria wajihadhari na kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini na hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Maji hayo yakikaa siku mbili kwenye tangi lililofunikwa lisilo na konokono, vimelea hivyo hufa. Lakini bakteria hawaondoki kwa kusubiri, hivyo ya kunywa lazima yachemshwe.

UMEME NA MAJI

Hili ndilo linaloua kwa sekunde. Pampu ndogo hutumia ampea mbili au tatu, ilhali moyo wa mwanadamu unaweza kusimamishwa na umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Sasa mfikirie mtu anayechukua udhu kwenye koki, miguu mitupu, sakafu imeloa, na pembeni yake kuna pampu inayonguruma kwa ekstensheni iliyolazwa chini.

Usiguse pampu, wala usiingize mkono kwenye tangi ilimozamishwa, kabla ya kuichomoa kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Mwite fundi umeme anayeaminika akuhakikishie kuwa nyumba ina waya wa kupeleka umeme ardhini, ule mafundi wanaouita athi. Akufungie pia breka inayokata umeme unapovuja, yenye kipimo cha miliampea 30. Maungio ya waya yasifungwe kwa karatasi ya nailoni, na watoto wasitumwe kuwasha pampu. Mambo haya yanazihusu pia kamati za misikiti yetu, maana sehemu za udhu ndizo zenye maji na miguu mitupu mara tano kwa siku.

Ndugu msomaji, leo ukirudi nyumbani ufuate mpira wa pampu yako kwa macho mpaka uone unaanzia wapi. Kama unaanzia kwenye tangi lako, mshukuru Allah. Kama unaanzia kwenye bomba la mtaa, ufungue leo hii, kisha mpitie jirani yako wa mwisho wa bomba umuulize hali ya maji yake. Mimi nilipompitia yule mama hakunilaumu. Alinionyesha tu ndoo zake, zilikuwa zimejaa.