Daktari, Usiilaumu Facebook

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, ingawa mtaona huko mbele kwamba sijaenda mbali sana. Kuna kauli moja ya madaktari ambayo nimechoka kuisikia: "Wagonjwa wa siku hizi wanasoma Facebook halafu wanakuja kutusumbua." Nasema kauli hiyo ni ya uvivu, na ushahidi wangu ni kisa cha wavu wa upasuaji.

Kwa wasioujua, huu ni wavu mwembamba wa plastiki, mara nyingi polipropileni, jamaa ya ile inayotengenezewa magunia. Daktari huushona mwilini ili ushikilie sehemu iliyolegea. Hutumika kutibu ngiri. Pia ulitumika kwa wanawake wanaovuja mkojo au ambao kizazi kimeshuka, na wengi wao waliwekewa kupitia ukeni. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwa baadhi yao wavu ulikata nyama na kutokeza nje. Wengine walipata maumivu yasiyoisha, wakashindwa kukaa, kutembea, hata tendo la ndoa. Na kuutoa si mchezo, kwa sababu nyama huwa imeshaota ndani ya matundu yake.

Sasa tazameni tarehe. Mwaka 1996 Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho ProteGen. Mwaka 1998 kifaa kingine, TVT, kikaruhusiwa kwa hoja kwamba kinafanana vya kutosha na ProteGen. Mwaka 1999 ProteGen ikaondolewa sokoni kwa sababu ya madhara. TVT je? Ikaendelea kuuzwa, na vingine vikaja nyuma yake kwa hoja hiyo hiyo ya kufanana. Mwanaprogramu yeyote anaijua hali hii. Umejenga programu yako juu ya maktaba fulani, maktaba ikapatikana na kasoro ikafutwa, lakini hakuna anayerudi kukagua programu zote zilizoitegemea. Sisi tukifanya hivyo tovuti inaanguka. Hapa kilichoumia ni mwili wa mtu.

Oktoba 2008 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya kupokea ripoti zaidi ya 1,000 katika miaka mitatu. Ikasema madhara hayo ni nadra. Julai 2011 ikarudi na ripoti nyingine 2,874 zilizoingia kati ya 2008 na 2010, na safari hii ikakiri kwamba kwa wavu wa kushikilia viungo vilivyoshuka, madhara makubwa si nadra. Hatimaye Aprili 2019 ikaamuru wavu wa aina hiyo unaowekwa kupitia ukeni usiuzwe tena. Hesabu mwenyewe: kutoka 1999 hadi 2019 ni miaka 20.

Miaka hiyo yote mgonjwa alikuwa wapi? Alikuwa kliniki, akiambiwa ni yeye peke yake, au maumivu yako kichwani mwake. Kwetu tunaujua ugonjwa huu. Mteja analeta hitilafu, wewe unajibu "kwangu inafanya kazi," unafunga tiketi. Ukifunga tiketi 100 kwa namna hiyo, ripoti ya mwisho wa mwezi itapendeza sana. Tena Marekani sheria inawalazimisha watengenezaji na hospitali kuripoti, lakini daktari mmoja mmoja hailazimishwi kwake. Kwa hiyo "nadra" nyingine zilikuwa nadra kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Ndipo wanawake wakatafutana mtandaoni. Uingereza, mwandishi wa habari Kath Sansom, ambaye naye aliwekewa wavu, alianzisha kampeni ya Sling the Mesh mwaka 2015, na maelfu wakajiunga kwenye Facebook. Yule aliyeambiwa yuko peke yake akakuta wenzake wana maumivu yale yale, mahali pale pale. Julai 2018 matumizi hayo yalisimamishwa kwa muda Uingereza. Julai 2020 ripoti ya Baroness Cumberlege ikasema wazi kwamba wanawake hawakusikilizwa, na kwamba mfumo haukujua hata ni wangapi waliowekewa. Fikirini! Kampuni ya simu inajua laini ngapi imeuza, lakini hospitali hazikujua wavu ngapi ziko ndani ya watu.

Nitamtendea daktari haki. Naye pia alidanganywa. Novemba 2019 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamua kwamba kampuni za Johnson & Johnson ziliwapotosha wagonjwa na madaktari kuhusu hatari za vifaa hivyo. Na Facebook si takwimu. Watu 5,000 wakilalamika kwenye kundi, hujui ni kati ya 10,000 au milioni moja. Walio wazima hawaandiki. Hofu nayo husambaa mpaka kwa mwenye ngiri, ambaye wavu ungemfaa. Jirani zetu Uganda walifanya utafiti uliochapishwa 2016, kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Wengine waliwekewa wavu wa dukani, wengine kitambaa cha neti ya mbu kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalikaribiana sana. Kwa hiyo mtu akikuambia "wavu ni sumu", muulize: wavu upi, wapi, kwa ugonjwa gani?

Lakini utetezi huo haumwokoi daktari. Kama Facebook haina takwimu, nani alipaswa kuwa nazo? Ni yeye na hospitali yake. Kelele za mtandaoni ni kama kengele ya moshi. Haikuambii moto ni mkubwa kiasi gani, lakini mwenye nyumba haikasirikii kengele, anakwenda jikoni kutazama.

Dawa yake haihitaji hata programu ngumu. Daftari la kitaifa: nani kawekewa nini, lini, kampuni gani, namba gani. Nimetengeneza mifumo migumu kuliko huo kwa ajili ya kuuza unga. Hapa Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za madhara kwa mtandao, na hata mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuripoti. Itumieni. Na wewe msomaji, kabla mama yako au dada yako hajalazwa kwa upasuaji wa aina hii, omba jina la kifaa na namba yake kwa maandishi. Daktari akikasirika kwa swali hilo, tafuta daktari mwingine.

Haya, nimemaliza. Madaktari mnaosoma hapa, uwanja wa maoni uko wazi. Nibisheni, lakini njooni na tarakimu.