Fundi, Usiizime Hiyo Taa

Ndugu zangu wenye magari, hasa sisi tunaoendesha mitumba ya Japani, ukiwasha gari kesho tazama dashibodi kabla ya kutia gia. Kuna taa ndogo yenye picha ya mtu aliyekaa, na mbele yake duara. Inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izimike. Ikiendelea kuwaka, mfumo wa eabegi una hitilafu, na siku ya ajali huenda usifanye kazi. Isipowaka kabisa, shtuka zaidi: pengine kuna mtu aliyechomoa balbu, au aliyeunga waya wake na wa taa ya oili ili ziwe zinawaka na kuzimika pamoja, halafu akakuuzia gari “safi”.

Tatizo huanzia kwetu wateja. Tunafika gereji na kusema, “Fundi, niondolee hiyo taa,” na fundi anatuondolea taa, si ugonjwa. Tumwombe autafute ugonjwa. Mara nyingi si mkubwa: soketi ya njano chini ya kiti imelegea, au imeingia maji siku gari lilipooshwa kwa bidii kupita kiasi. Au utepe wa nyaya unaojiviringisha ndani ya usukani umekatika. Hapo mara nyingi honi nayo hugoma. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari itamwonyesha pa kuanzia.

Nanyi mafundi wetu, msikubali kuharakishwa. Eabegi hufunguka kwa mlipuko, kufumba na kufumbua, na aliyeinamia usukani inaweza kumuumiza vibaya. Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, kisha subiri. Toyota husema angalau sekunde 90, Honda dakika 3. Kama huna kitabu cha gari hilo, kanywe chai kwanza. Kompyuta ya eabegi hubaki na akiba ya umeme hata betri ikitolewa, kwa kuwa ajali yenyewe huweza kukata nyaya. Usiipime eabegi kwa mita ya kawaida, maana umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua. Ukiibeba, kifuniko kisielekee mwilini. Ukiiweka mezani, kitazame juu.

Lipo pia jambo ambalo taa haitakuonyesha. Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza eabegi ambazo kilipuzi chake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Zikifunguka, chuma kinachobeba kilipuzi hicho huweza kupasuka na kurusha vipande ndani ya gari. Watu zaidi ya 30 wamekufa duniani. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine waliita mamilioni ya magari yarudishwe, yabadilishiwe eabegi bure. Sasa fikiria gari la miaka 15 linaloshinda juani Tanga, Dar es Salaam au Mombasa.

Kwa hiyo naomba hivi: nakili namba ya chesisi, mpelekee wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako, au iingize kwenye tovuti yake, uulize kama gari hilo liliitwa na kama lilibadilishiwa. Eabegi ya gari lililokatwa usiinunue hata kwa bei ya kutupa, kwani hujui ilikotoka. Na mkanda funga, hata eabegi ikiwa mpya.